Barabara ya Kwenda kwa Asha

Mjukuu wangu Rahma hapendi kufuatana nami njiani. Anasema namtia aibu. Kila tukipita pale karibu na kituo cha treni, ambapo lami imechimbwa tangu wakati wa baridi, mimi husimama. Nashika uzio wao wa plastiki, nachungulia ndani. Rahma ananivuta mkono wa koti: "Babu, come on, bus yetu ile inakuja." Bus ije na iende zake. Mimi nataka kuona wamefika wapi.

Hapo ndipo nilipojuana na Amisi, Mkongo anayekaa Edmonton, hapahapa London, anayefanya kazi na wachimbaji wale. Siku ya kwanza alidhani mimi ni mzee aliyepotea.

"Mzee, unaangaliaka nini humu kila siku?"

"Naangalia mnavyoshindilia kifusi," nikamwambia. "Mngekimwagia maji kwanza, kingekaa vizuri."

Akacheka mpaka akavua kofia yake ngumu. "Maji tena, mzee? Hapa mvua inatunyeshea kila siku. Sisi tunatafuta namna ya kuyatoa."

Nilikuwa nimesahau niko wapi. Nilitumia umri wangu mwingi mahali ambapo maji yalikuja kwa boza, lori la tangi, kutoka mbali, na mkono wa mtu haubadiliki upesi. Ni huyo Amisi aliyewapelekea habari nyinyi vijana wa jumuiya yetu ya Wembley, kwamba yuko babu mmoja aliyejenga barabara jangwani, nanyi mkaja na biskuti zenu kuniomba niandike. Haya, mmeyataka wenyewe. Nitasimulia kama yanavyonijia, na anayetaka mambo kwa mpangilio awatafute mainjinia.

Mimi nilikuwa dereva wa greda. Nilizaliwa Unguja, nikaenda Oman kijana kwa mjomba wangu, na huko nikajifunza kazi. Greda, kwa asiyelijua, ni lile gari refu lenye kisu kipana cha chuma chini ya tumbo, linalopita likisawazisha udongo kabla ya lami. Tingatinga linasukuma, rola linashindilia, lakini anayeamua barabara iwe laini au iwe ya kuumiza mgongo ni mtu wa greda. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye ninayeandika. Mtu wa rola akitaka kusema vingine, aandike yake.

Barabara nilizosawazisha ni nyingi, lakini moja ndiyo iliyonikaa moyoni. Ni ile inayokata Robo Tupu, jangwa kubwa la mchanga, na kuiunganisha Oman na Saudia moja kwa moja. Tazameni ramani kwenye simu zenu. Nchi hizi mbili ni majirani wa ukuta mmoja, wana mpaka mrefu, lakini kwa miaka yote mtu mwenye gari akitaka kutoka huku kwenda kule alilazimika kuzunguka kupitia Imarati, yaani Falme za Kiarabu. Mipaka miwili badala ya mmoja, na foleni mbili juani. Nchi za Kiarabu zilikuwa zimekubaliana barabara zao kuu zishikane, kutoka Iraq na Syria na Jordan kushuka mpaka Ghuba, zipewe herufi M na namba, ili dereva asihitaji kuuliza njia kila akivuka nchi. Ule mtandao ukiutazama kwenye karatasi ulipendeza, ila palipo na Robo Tupu palikuwa na pengo, kama mdomo wa mtoto anayebadili meno. Sisi tulitumwa kuliziba.

Mwalimu wangu huko alikuwa Khalfan. Mzaliwa wa Pemba, Mwomani kwa asili, mrefu, mkavu, mwenye ulimi wa kuchoma. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na kitamu, na matusi yake vilevile. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutoyaamini macho. Mchanga wote una rangi moja, jua liko juu ya kichwa, hakuna kivuli, na jicho linakwambia pako sawa kumbe pana bonde.

"Sikiliza makalio yako, Sefu," alikuwa akiniambia. "Kiti kikikusukuma kushoto, teremsha kisu kulia. Makalio hayana ubishi."

Mnacheka, lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mpaka leo nikipanda bus hapa London najua kwa kukaa tu barabara ipi ilifanywa na mtu mwenye subira na ipi ilifanywa siku ya Ijumaa jioni.

Kosa langu kubwa nililifanya mapema, na ni kosa ambalo mtu wa visiwani tu ndiye angelifanya. Jioni moja upepo ulianza kuvuma na mimi nikataka kulihifadhi greda. Kwetu mtu akitaka kukimbia upepo anaingia nyuma ya kitu: nyuma ya ukuta, nyuma ya nyumba. Basi mimi nikaliegesha nyuma ya kilima kikubwa cha mchanga, upande uliotulia kabisa, nikalifunika vioo, nikaenda zangu kambini nimefurahi. Wengine waliacha mashine zao peupe, zinapigwa na upepo kila upande. Nikawaona wajinga.

Asubuhi greda langu halikuwapo. Palikuwa na mteremko mzuri wa mchanga, na juu yake bomba la moshi limechomoza, na taa moja. Upepo wa jangwa, wanangu, hupanda na mchanga upande mmoja wa kilima, ukifika kileleni unachoka, unaubwaga mchanga upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeegesha palepale unapobwagwa. Wale wajinga wa peupe walipangusa vumbi vitini, wakawasha, wakaondoka.

Khalfan akaja na chupa yake ya kahawa, akachutama karibu na lile bomba.

"Umefanya vizuri kumwachia pua nje," akasema. "Atapumua."

Kambi nzima, Wapakistani, Wamisri, Wabangladeshi, wakaniita Mzika Magreda mpaka siku niliyostaafu. Lakini Khalfan hakuishia kwenye kucheka. Alinikalisha akanionyesha kwa mkono wake juu ya mchanga kwa nini barabara yetu inainuliwa badala ya kuchimbwa, na kwa nini kingo zake zinalazwa taratibu kama mgongo wa mtu aliyelala. Mchanga haukatazwi kupita. Ukiujengea ukuta, unakaa hapo. Ukiupa njia laini isiyo na kona, unavuka barabara yako na kwenda zake. Nilisawazisha kingo zile kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kunyoa ndevu zangu.

Na maji. Mchanga mkavu haushindiliki, unakimbia chini ya rola. Lazima ulowe, na ulowe kwa kiasi, kisha rola lipite kabla jua halijayanywa maji yote. Boza likichelewa kidogo, mmefanya kazi bure. Kwa hiyo dereva wa boza ndiye aliyekuwa bwana mkubwa jangwani. Mainjinia walimsalimu yeye kwanza, na mpishi alimwekea paja la kuku.

Baadaye yakaja magreda mapya yenye mtambo wa setilaiti. Kisu kinapanda na kushuka chenyewe, dereva ameshika usukani tu. Khalfan aliyatazama kama mtu anayetazama mkwe asiyemtaka. Akasema mashine haina makalio. Tukapanga mashindano, yeye na greda lake la zamani, na kijana wa Kihindi aliyekuja na lile jipya, kila mmoja na kipande chake. Nasikitika kuwaambia kwamba mashine ilishinda, tena ilishinda vibaya. Khalfan alitembea juu ya kile kipande cha Mhindi akiburuza kiatu, akitafuta tuta hata moja, asilipate. Kesho yake alimfuata yule kijana na sahani ya tende, akamwomba amfundishe. Alijifunza mpaka akawa mwepesi kuliko sisi sote. Nilimuuliza kwa nini anajihangaisha, na umri wake ule. Akanijibu kwamba mashine ile inakwenda haraka zaidi, naye ana haraka.

Sasa nifike hapo, kwa sababu bila hapo hamtaelewa kitu.

Mama yake Khalfan, Bi Zuwena, alikuwa akiishi Ibri, mji wa Oman ambako barabara yetu ilianzia. Binti wa pekee wa bibi huyo, Asha, ndugu yake Khalfan, aliolewa Hofuf, upande wa Saudia. Mume wa Asha alipooza, na Asha hakuwa na wa kumwachia hata kwa wiki moja. Kwa hiyo Asha hakuweza kuja. Na Bi Zuwena alikuwa na maradhi ya mapafu, daktari alimkataza ndege kabisa. Wakajaribu mara moja kwa gari, kwa kuzunguka. Mpaka wa kwanza walipita. Katika foleni ya mpaka wa pili, joto likamshinda bibi wa watu, pumzi ikakata, ikabidi Khalfan ageuze gari amkimbize hospitali. Tangu hapo hawakujaribu tena. Mama na binti wakawa wanasikiana kwenye simu tu, na wote wawili wanazeeka.

Khalfan alikuwa na haki ya kustaafu kabla barabara ile haijaanza. Aliposikia inaanza, aliomba kazi upya.

Kila tukienda mapumziko Ibri nilipita kumwamkia Bi Zuwena. Nilimpa shikamoo, naye hakuniuliza hali wala watoto. Alikuwa na swali moja tu: "Mmefika wapi?" Nikimtajia mahali, anafumba macho, anapiga hesabu zake mwenyewe. Nakiri kwamba mara nyingine nilimwongezea kidogo.

Kazi ikasimama wakati fulani. Sababu hatukuambiwa, watu kama sisi huambiwa tu kwamba tusubiri. Miezi ikapita, mashine zimelala, na mchanga ukaanza kupanda juu ya kipande ambacho hakijamaliziwa. Khalfan akaitwa na kampuni nyingine kwenda Salala, kusini mwa Oman, kwenye ubaridi na mvua za rasharasha, kwa cheo kikubwa. Nikamwambia aende, mimi nitabaki.

"Nikiondoka, wataleta mwingine," akasema.

"Basi walete. Madereva wa greda wamejaa."

"Atakayekuja hatakuwa na haraka, Sefu."

Kazi ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuwasha mashine, na mwezi wa kwanza wote tuliutumia kuondoa mchanga ulioingia pasipo sisi.

Siku lami yetu ilipokutana na lami ya wenzetu wa Saudia ilikuwa siku kavu, ya kawaida. Mimi nilidhani patakuwa na ngoma. Palikuwa na mstari tu mweusi mbele yako, na upande wake wa pili mwanamume wa Kisudani juu ya greda kama langu, kajifunga kilemba, ananipungia mkono. Anaitwa Tijani. Sisi wa barabara tuna desturi: mahali vipande viwili vinapokutana, pande mbili hunywa kahawa pamoja, na kila mtu hutembea hatua chache juu ya kazi ya mwenzake kuona kama ataikosoa. Nilitembea juu ya kazi ya Tijani. Haikuwa mbaya. Yeye akatembea juu ya yangu, akainama, akaipapasa kwa kiganja, akasema hata wao wangefanya hivyohivyo.

Khalfan hakutembea popote. Alikuwa amemuuliza Tijani anakaa wapi siku za mapumziko, na Tijani amejibu Hofuf.

Wiki iliyofuata Khalfan alikuja kazini na kikapu. Ndani yake mkate wa kumimina, ule wa mchele wa kwetu visiwani, bado una joto ndani ya kitambaa. Bi Zuwena aliupika mwenyewe, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anapumzika, anaendelea. Khalfan akaukabidhi kwa Tijani pale kwenye kiungo cha lami kama mtu anayekabidhi mtoto. Forodha hatukuiomba ruhusa, kwa sababu forodha yenyewe ilikuwa bado haijapakwa rangi. Tijani akaenda nao Hofuf, akabisha mlango wa Asha, akampa. Akarudi na tende za kwao, zile laini za dhahabu, na salamu kwamba Asha aliupokea ule mkate, akakaa karibu nao, asiweze kuukata mpaka kesho yake. Basi nyinyi mnaosoma biashara za kimataifa, andikeni: mzigo wa kwanza kupita barabara ile ulikuwa mkate wa kumimina.

Lakini barabara kuisha ni jambo moja, na mpaka kufunguliwa ni jingine. Tukangoja. Bi Zuwena akalazwa hospitali, akatoka, akalazwa tena. Mimi umri wangu wa kazi ukaisha, mwanangu akanileta huku London, na Khalfan akawa ananipigia kutoka Ibri. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anafikiria kumpakia mama yake kwenye gari la kazi na kumvusha hivyohivyo, walinzi wote wanamjua.

"Na ukizuiwa?" nikamuuliza. "Utamkalisha wapi, na pumzi ile? Ulishageuza gari mara moja."

Akaniuliza: "Akinifia mkononi Ibri, na lami iko pale imelala kama mkeka?"

Nilimwambia asubiri. Sikulala vizuri kwa siku nyingi baada ya hapo. Kumwambia mtu asubiri ukiwa wewe umekaa kwenye kochi Wembley ni rahisi mno, na nilijua hivyo nilipokuwa nasema.

Mpaka ukafunguliwa. Nilisikia kwenye habari kabla Khalfan hajanipigia. Daktari alimtazama Bi Zuwena, akasema kwa gari sawa, safari iwe ya moja kwa moja, mtungi wa hewa uwe pembeni yake, na wapumzike njiani. Wakatoka alfajiri. Khalfan akapiga simu ya video, akamwambia mkewe aishike mbele ya kioo, na mimi nikaitazama barabara yangu nikiwa sebuleni, Rahma kakaa nami kwa sababu siku hiyo hakuwa na chuo.

Ilikuwa nyeusi na safi. Vilima vimesimama huku na huku, na mchanga unavuka lami taratibu kama moshi, unakwenda zake, haukai.

"Hapa unapakumbuka?" sauti ya Khalfan ikasema. "Hapa ndipo ulipozika greda."

"Babu, ulizika nini?" Rahma akauliza, kwa Kiswahili, jambo ambalo hulipati kwake bila kumbembeleza. Nikamweleza. Alicheka, kisha akauliza tena, na tena, mchanga unakwenda wapi, maji yalitoka wapi, huyo bibi ni nani. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza kitu kuhusu maisha yangu. Mara picha ikaganda, ikakatika. Jangwani mtandao haupo kila mahali.

Tukangoja. Rahma alikuwa anaigusa simu kila mara kuiangalia. Nilijua kilichokuwa mbele yao ni mpaka, foleni ya mpaka, jua. Niliogopa, sitaki kuwaficha. Rahma akanipikia chai ya kwao, ile ya kutumbukiza pakiti kikombeni, nikainywa yote bila kulalamika. Alasiri ikaja, na mimi ninaswali huku sikio liko kwenye simu, Mungu anisamehe.

Ilipolia, mke wa Khalfan ndiye aliyekuwa anaishika, anatembea nayo, nikaona ardhi, kiatu, mlango wa chuma wa kijani. Kisha nikamwona Bi Zuwena amesimama kwa miguu yake, mpira wa hewa puani, kashikwa na Khalfan. Mlango ukafunguliwa akatoka mwanamke mzima mwenye mvi, akabaki kizingitini kama hajui atumie mguu upi.

Bi Zuwena hakulia. Alimtazama binti yake juu mpaka chini, akageuka kuitazama njia waliyojia, akamtazama tena, akasema kama mtu aliyekasirishwa:

"Kumbe ni hapa tu, Asha. Ni hapa tu, na wewe umeota mvi mimi sikuoni."

"Umeshaniona, mama," Asha akasema. "Ingia ndani."

Sikuona kilichofuata, kwa kuwa Rahma alinikumbatia na miwani yangu ikaanguka. Nilipoipata, simu yao ilikuwa imewekwa juu ya meza na wameisahau, inaonyesha dari na feni inayozunguka. Khalfan simsikii, nadhani alikuwa ametoka nje. Nilisikia vikombe. Nilisikia Bi Zuwena anasema chai hii haina sukari, na Asha anasema daktari amekataza sukari, na Bi Zuwena anasema daktari yuko Ibri. Wakabishana hivyo kama watu wanaoonana kila siku, na mimi na mjukuu wangu tukakaa tunawasikiliza mpaka chaji ikaisha.